Kimea Katika Chumba cha Msikiti

Jumatano, tarehe nane Januari mwaka 1997, saa moja asubuhi, mji wa Thika ulikuwa na ukungu mwepesi na baridi ya kuuma vidole. Jua lilikuwa limetoka lakini halijapata nguvu. Amida alifungua mlango wa chumba chake cha kusagia, akawasha taa, akachukua kisu na kukata kamba ya gunia la kwanza kati ya magunia manne yaliyofika jana yake jioni.

Aliingiza mkono ndani, kama alivyofanya kwa kila gunia tangu aanze kazi hii. Wimbi mzuri huteleza kati ya vidole kama mchanga wa mtoni. Huu haukuteleza. Ulikwaruza, na kila punje ilikuwa na kijimzizi cheupe kilichonyauka. Kisha harufu ikampanda puani, tamu na nzito kidogo, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Hakuna mtu aliyekulia Thika asiyeijua harufu hiyo. Ukipita mtaa wa Kiandutu siku ya Jumamosi, inakupokea kabla hujafika.

Kilikuwa kimea. Mtu alikuwa ameuloweka wimbi, akauotesha, kisha akauanika juani. Hivyo ndivyo wapika busaa, ile pombe ya nafaka, wanavyoutaka.

Amida alikata kamba ya gunia la pili, la tatu na la nne. Yote yalikuwa vivyo hivyo. Akafunga mlango kwa ndani, akaketi juu ya debe.

Mwanamke mwenye akili timamu haketi juu ya debe asubuhi akiyakodolea macho magunia ila akiwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa chumba. Chumba kile kilikuwa mali ya msikiti. Mume wa Amida, marehemu Zuhair, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Alipofariki, Amida alipewa mafao yake, naye akayanunulia mashine ya kusaga. Mashine hiyo ilitaka umeme wa nguvu na sakafu ya saruji ya kufungia boliti. Katika mtaa mzima wa Majengo, chumba kilichokuwa na vyote viwili kilikuwa kimoja tu, na msikiti ulimkubalia akitumie.

Msimamizi wa vyumba vya msikiti alikuwa Mzee Abdulkarim, fundi cherehani. Alimkabidhi Amida ufunguo kwa sentensi moja: siku kitu cha haramu kitakapoingia humo, yeye atatoka. Hakuwa mtu wa maneno ya kupamba. Mpangaji aliyetangulia, muuza magodoro, alikutwa na kreti ya bia nyuma ya bidhaa zake, na kabla ya Alasiri magodoro yote yalikuwa nje kando ya barabara. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, mzee huyo alivipitia vyumba vyote kuvikagua. Mwaka huu alikuwa ametangaza kwamba angepita Jumatano, baada ya sala ya Adhuhuri.

Jumatano ndiyo hiyo.

Amida alijaribu kufikiri kwa utaratibu. Magunia haya alikuwa ameyaagiza kwa ajili ya Wamboi, mwenye duka la vyakula huko Ruiru. Kwa miaka mingi Amida alikuwa akisaga mahindi tu. Kisha mambo yakaanza kubadilika polepole. Akina mama waliotoka kliniki na watoto wao waliulizia unga wa wimbi. Wazee walioambiwa na daktari kuwa wana sukari waliuulizia. Hata vijana wa ofisini, waliokuwa wamesoma gazetini kwamba unga mweupe uliokobolewa hauna faida mwilini, waliuulizia huku wakiona haya kidogo, kana kwamba wanaomba chakula cha bibi zao. Wamboi aliuza kila alicholetewa, akaomba zaidi. Ndipo Amida alipomtafuta mkulima wa kumtegemea, akampata Ndunge.

Ndunge alikuwa mkulima wa Ngoliba, mashariki mwa Thika. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimekataa, mahindi ya majirani yakalala chini yangali machanga, lakini wimbi wa Ndunge ulistahimili, na ghala lake lilikuwa bado na akiba ya msimu uliotangulia. Amida alikutana naye sokoni Thika mara moja tu, Ndunge akiuza wimbi kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka. Agizo la magunia alilituma baadaye kwa mdomo wa dereva wa lori la mchanga. Alitaka magunia manne ya wimbi safi, yafike kabla ya mwezi wa kufunga. Hakusema zaidi. Hakuona haja.

Mlango uligongwa. Alikuwa Ndunge mwenyewe. Usiku uliopita alikuwa amelala kwa dada yake Kiandutu, na sasa alikuja kungoja magunia yake yamiminwe arudi nayo nyumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cha kwaya kichwani na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde.

Amida hakumsalimu. Alimwonyesha magunia kwa kidole.

"Mama Nzisa, hiki ni nini?"

Ndunge alichungulia, akachota kidogo, akatafuna punje. Akatabasamu kwa fahari ya fundi.

"Kimeota vizuri, au sivyo? Nilikigeuza kila siku kwa mkono wangu. Hakuna punje iliyooza."

"Nani alikuambia uoteshe?"

Hapo ndipo tabasamu la Ndunge lilipoanza kupungua. Alieleza bila kuficha. Huko kwao, mtu wa kawaida hununua wimbi kwa gorogoro. Anayenunua kwa gunia ni mpika pombe kutoka mjini, na wapika pombe wote huutaka umeshaota, kwa kuwa hawana nafasi ya kuuotesha wala hawataki majirani waone. Mama yake alimfundisha kwamba mteja hapelekewi kazi nusu. Kwa hiyo magunia manne yalipoagizwa na mama wa Thika, tena kwa haraka, Ndunge hakuwa na la kuuliza.

Amida alimtazama. Kisha alijitazama yeye mwenyewe, kuanzia ushungi hadi kwenye kanga.

"Uliniona sokoni. Uliona nimevaa nini. Ukasema huyu ni mpika busaa?"

"Nilisema dhambi haichagui nguo," Ndunge alijibu. "Na nilikuombea. Kikundi chote cha akina mama kilikuombea."

"Mlitaja jina langu?"

"Tulisema mama mmoja wa Thika. Mungu anakujua."

Amida alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Alimuuliza Ndunge ilikuwaje basi mtu wa maombi akamuuzia mwenye dhambi. Ndunge akajibu kwamba mahindi yalikuwa yamekufa, mwanawe Nzisa alikuwa anarudi shule, na yeye alikuwa amepanga kutubu mwezi wa pili.

Kicheko kilipokwisha, chumba kilibaki kile kile. Amida alimweleza habari za Mzee Abdulkarim, za muuza magodoro na za ukaguzi wa mchana. Ndunge alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Kisha akatoa njia. Dada yake alijuana na mama mmoja mpika busaa huko Kiandutu. Kabla ya saa nne, mikokoteni miwili ingekuja, na kabla ya saa tano chumba kingekuwa kitupu. Mzee angekuta sakafu iliyofagiwa.

Njia hiyo ilikuwa fupi, na Amida hakuikataa papo hapo. Aliizungusha kichwani. Aliwaona wenye mikokoteni wakitoka na magunia katika chumba cha msikiti, mchana kweupe, wakielekea Kiandutu. Aliona pia kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajafanya kosa lolote. Mkokoteni wa kwanza ungeondoka na usafi wake.

Alisema hapana. Alichota kimea kidogo, akakifunga katika leso, akamwomba Ndunge abaki mlangoni asimfungulie mtu. Kama habari ilikuwa lazima imfikie mzee, afadhali imfikie kwa mdomo wake yeye.

Kibanda cha Mzee Abdulkarim kilikuwa karibu na soko. Siku zile alikuwa amezama katika kanzu. Kila mtu alitaka mpya kwa ajili ya mwezi mtukufu. Amida aliingia, akaamkia shikamoo, akafungua leso juu ya meza ya cherehani, akaeleza yote kutoka mwanzo. Hakuacha hata kile kikundi cha maombi.

Mzee alisimamisha cherehani. Aliinamia leso, akanusa, akainuka.

"Umekitia maji?"

"Hapana, mzee wangu."

"Umekifunika mtungini?"

"Sina hata mtungi."

"Basi hadi hapa ni nafaka iliyoota," alisema. "Nafaka iliyoota haina kosa. Tende nayo inaweza kugeuzwa pombe, na ndiyo tunayofungulia saumu. Lakini nafaka hii iko safarini, na mimi sijui safari inaishia wapi. Wewe unajua?"

Amida alimweleza habari za Wamboi. Mzee alisema kwamba jina la mtu si ushahidi. Alifungua droo, akatoa kufuli kubwa la shaba, akachukua kofia yake. Walirudi pamoja hadi chumbani. Aliyahesabu magunia, akamruhusu Amida asage debe moja tu, akasimama kando ya mashine hadi punje ya mwisho ikawa unga. Kisha akaweka kufuli lake juu ya lile la Amida.

Kesho yake, alisema, wangekwenda Ruiru wote watatu. Angelitazama duka hilo kwa macho yake. Akiona unga huu unaliwa, angefungua. Akiona vinginevyo, mashine ingefunguliwa boliti kabla mwezi haujaandama.

Mzee alipoondoka, Ndunge alisema kwamba huko kwao wazee wa kanisa nao wako hivyo hivyo.

Alhamisi ilikuwa siku ya jua kali. Mzee aliazima pikapu ya jirani yake akaiendesha mwenyewe, polepole, akiwapisha hata wenye baiskeli. Amida aliketi mbele, debe la unga miguuni. Ndunge alikataa kubanwa, akaketi nyuma penye hewa. Amida alikuwa akijipangia la kufanya iwapo mashine ingeng'olewa, na kila alichopanga kiliishia katika ukweli ule ule: hapakuwa na chumba kingine.

Duka la Wamboi lilikuwa upande wa pili wa stesheni ya Ruiru. Wamboi alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Aliwakaribisha, akawapa benchi, akasikiliza habari ya kimea huku akipanga bilauri. Hakushtuka. Alisema kwamba unga haujui ulikusudiwa nini, akateleka maji ili auonje.

Uji ulipoiva, aliinua mwiko. Ulichuruzika wote, tiririri, ukarudi sufuriani.

"Mama Samir," alimwambia Amida, akimwita kwa jina la mwanawe, "huu ni uji ama ni chai?"

Mzee Abdulkarim alikunja mikono kifuani. Wamboi akaongeza, bila ubaya, kwamba wateja wake hupenda uji wa kusimamisha kijiko, na huu hata kijiko hakingeuona.

Ndunge alisimama kutoka kwenye benchi. Alisema kwamba walikuwa wamepika kimakosa, na kwamba kimea hakipikwi peke yake. Huko kwao mama aliyejifungua, mtoto anayeanza kula na mgonjwa asiyeweza kumeza hupikiwa uji mzito wa wimbi wa kawaida, kisha kimea huongezwa kidogo mwishoni. Uji hulainika bila kuongezwa maji, nao huwa mtamu hata bila sukari. Mtu hunywa kikombe kimoja akawa amekula sahani.

Wamboi alikuwa na kifuko kimoja cha unga wa kawaida kilichobaki rafuni. Ulipikwa, ukawa mzito kama matope ya bondeni. Ndunge akanyunyiza kijiko cha kimea, akakoroga, akaondoa sufuria motoni. Mbele ya macho yao uji ulilegea, ukang'aa, ukawa wa kunyweka. Wamboi alionja. Alionja tena. Kisha akamtazama Amida kwa macho ya mtu anayehesabu kichwani wateja wake mmoja mmoja.

"Hii nitauza kando," alisema. "Vifuko vidogo. Ya watoto na wagonjwa. Lakini ile ya kawaida usiniache bila. Lete zote mbili."

Amida alimgeukia mzee. Mzee hakuinuka. Alisema kwamba muuzaji husifu anachotaka kuuza, na kwamba yeye angeketi kidogo awaone wanunuzi.

Aliketi. Akaja mtu wa mashamba ya kahawa, akanunua maharagwe. Akaja mwanafunzi wa kike, akanunua penseli. Kisha akaja mzee mmoja mwenye fimbo, jina lake Ephantus, ambaye alisimama mlangoni, akainua pua juu kama mbwa wa mwindaji, na uso wake ukachanua. Aliinama kaunta, akamuuliza Wamboi kwa sauti ya chini kama ana hicho kitu kabla hakijasagwa, na kama anaweza kupata gunia.

Benchi la mzee lilitoa mlio.

"Ephantus," alisema Wamboi, kwa sauti ya duka zima, "hapa ni duka la chakula. Mkeo amenikataza hata kukuuzia sukari. Nenda nyumbani."

Ephantus alijaribu kujitetea, akatupiwa neno la pili lililomhusu mama mkwe wake, akaondoka mikono mitupu huku akinung'unika kwa Kikuyu. Mzee Abdulkarim alimsindikiza kwa macho hadi alipovuka reli.

Aliyefuata alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka Githurai 45, alisema, kwa kuwa huko alikokaa wimbi ulikuwa na mchanga. Aliomba unga wa wimbi. Wamboi alimpa kikombe cha uji wa kimea auonje, naye akampa mtoto. Mtoto alishika ukingo wa kikombe kwa mikono miwili na hakuuachilia. Mama akasema atachukua huo, na kama upo wa kutosha, achukue na wa jirani yake.

Hapo mzee alisimama. Alimwendea yule mama, akamsalimu kwa adabu, akamwomba radhi kwa kumwuliza swali.

"Binti yangu, unga huu unakwenda kuufanyia nini?"

Yule mama alimtazama, kisha akamtazama Wamboi, kama mtu anayeshuku kwamba anachezewa.

"Uji, mzee. Kwani wimbi hufanyiwa nini ingine?"

Hakuwa akimkwepa mtu kwa ujanja, wala hakuwa akijitetea. Alikuwa hajui. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, na wimbi aliujua kutoka kliniki. Kwake nafaka hiyo haikuwa na historia nyingine. Ndunge alifunika mdomo kwa kitambaa. Amida aliangalia sakafu, kwa kuwa alijua kwamba akimwangalia Ndunge wangecheka wote wawili na kuharibu kila kitu.

Mabega ya Mzee Abdulkarim yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu jana Amida aliona kwamba naye mzee alikuwa na hofu. Alikuwa ameogopa kumtoa mjane wa Zuhair katika chumba kile.

"Haya," alisema. "Safari nimeiona mwisho wake. Mama Samir, twende nikufungulie mlango."

Kabla ya kutoka aliomba kikombe. Aliunywa uji wake akiwa amesimama, akarudisha kikombe kikavu, akauliza kama unafaa kwa futari. Wamboi alimwambia kwamba hilo aulize nyumbani kwake, yeye ni Mpresbiteri. Mzee akasema kwamba basi angeuliza nyumbani, lakini afungiwe vifuko viwili wakati anasubiri kuuliza.

Amida alitoka nje akasimama juani. Ndunge alikuja akasimama kando yake. Alimuuliza kama agizo lijalo alitaka wimbi mkavu au uliooteshwa, na safari hii alisubiri jibu.

"Magunia mawili mawili," Amida alisema. "Na ukiwa na shaka, niulize."

Walirudi Thika wakati wa Alasiri. Mzee Abdulkarim aliondoa kufuli lake la shaba, akaenda kusali, kisha akarudi kwenye kanzu zake, ambazo zilikuwa zimechelewa kwa siku nzima. Ndunge alimimina kimea katika mapipa ya Amida, akakusanya magunia yake matupu, akanunua chumvi na sabuni ya kipande, akapanda gari la Ngoliba, na Jumatatu iliyofuata akaloweka magunia mawili na kuyaacha mengine mawili yakiwa makavu. Wamboi alikata karatasi ya kaki, akaandika kwa mkono wake vibandiko vya vifuko vidogo, akavipanga chini rafuni ambapo wenye watoto wangeviona. Yule mama wa Githurai alirudi baada ya juma moja, akaleta jirani zake. Naye Amida, siku ile ile waliyorudi, aliisafisha mashine, akakaza boliti moja iliyokuwa imelegea, akaiwasha, akasaga hadi magharibi.